Paa Lililokataa Kukauka

Burns, Oregon
Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado inaanguka

Mdogo wangu Orrin,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limepata nafuu, na mvua ya huko Coos Bay haijakuozesha. Sisi huku tupo. Theluji imefika usawa wa dirisha la jikoni, kuku wamegoma kutaga, na mimi mwili wangu hauna neno. Habari za Domingo nitakupa, lakini kwa mpangilio wake, maana nimefundisha kemia maisha yangu yote na sijazoea kueleza jambo kwa kuanzia mkiani. Kaa chini. Zima redio. Nimekasirika, Orrin, na ninaandika taratibu ili nawe usome taratibu.

Kile kibanda cha kulalia tunachokijenga ili kikae nyuma ya pikapu unakijua. Sababu yake unaijua pia, ila nitakukumbusha, kwa kuwa umefanya kama mtu aliyesahau. Marehemu baba mkwe wangu alipokuja kutoka nchi ya Wabaski huko Ulaya akiwa kijana, alichunga kondoo huko juu mlimani Steens, na kama wachungaji wenzake wote alichora jina lake kwa ncha ya kisu kwenye magome meupe ya miti ya huko. Jina, mwaka, na kijiji alichotoka. Miti ile haina umri mrefu. Huvimba, huoza moyoni, kisha huanguka, na jina huanguka nao. Domingo aliliona jina la baba yake mara moja tu, akiwa mtoto amebebwa mabegani. Anataka kuliona tena na kuligusa kabla mti haujalala. Moyo wake haumruhusu kulala chali. Ndani ya hema atakosa pumzi, na karibu na msitu ule hakuna nyumba ya wageni. Ndiyo maana kitanda cha kibanda kile tumekiinua upande wa kichwani. Daktari amesema majira ya joto yajayo anaweza kuyasemea. Yale yatakayofuata hataki hata kuyataja.

Kuta tulizijenga wawili. Tulikata vipande vya povu gumu, tukaviunganisha, tukavifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, tukakilowesha kwa gundi ya epoksi mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma. Domingo alikuwa fundi, mimi mpimaji. Hakuna kikombe kilichochanganywa bila kupita kwenye mizani yangu ya jikoni, na hakuna siku tuliyofanya kazi kabla jiko la kuni halijalipasha banda joto. Alikuwa akinitania, "Mwalimu, hii ni gundi au keki?" Nami nilimjibu kwamba keki ikiharibika mbwa ataila, lakini gundi hii ikiharibika hata mbwa ataikimbia.

Kisha ukaja wewe kwa Sikukuu ya Shukrani. Nilifurahi, na ninaliandika hilo kwa sababu ni kweli. Tangu mazishi ya mama na ule ugomvi wa nyumba yake, mimi na wewe hatukuwa tumekaa meza moja. Domingo alimjaza bata mzinga soseji zake za pilipili, nawe ukacheka ukasema, "Shemeji, hata huyu ndege mmemfanya Mbaski!" Nilikuona ukila sahani ya pili na moyo wangu ukatulia. Kesho yake nikampeleka Domingo mjini Bend kwa daktari wa moyo, wewe ukabaki kumwangalia mbwa.

Tuliporudi jioni paa lilikuwa limekwisha. Kitambaa kimelala bila kunyanzi hata moja, linang'aa kama barafu. Umesimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, unasema, "Dada, nyie mngemaliza Pasaka. Mimi hapa nimemaliza kabla ya chakula cha jioni!" Domingo alilia. Mimi nilikubusu shavuni. Kesho yake asubuhi ukaondoka na pai ya boga iliyobaki.

Sasa sikiliza somo, maana siwezi kukukaripia juu ya jambo ambalo sijakueleza.

Gundi mnayoitumia huko kwenye karakana ya maboti ni ya aina nyingine. Kigumishi chake, ile dawa ya kuigandisha, ni matone tu, na kazi yake ni kama ya kiberiti: kuwasha moto. Siku ya baridi mnaongeza matone, moto unawaka haraka, kazi inakauka. Sawa. Lakini epoksi haiwashwi, Orrin. Epoksi huozeshwa, kama bibi harusi. Kigumishi chake ni upande wa pili wa ndoa. Fikiria dansi ambapo kila kijana lazima apate msichana mmoja wa kumshika mkono, na wakishashikana hawaachani tena. Ukileta vijana wa ziada hawaharakishi dansi. Wanabaki wamesimama ukutani, hawana wa kumshika, wanawasukuma wenzao, na watabaki hivyo mpaka siku ya kiyama. Wewe ulihisi baridi ya banda letu, ukafanya kama ulivyozoea: ukaongeza. Gundi ikabaki laini kama jibini la juani, na hakuna jua wala jiko litakaloikausha.

Kipimo kimeandikwa kwenye kopo kwa herufi kubwa. Mtu asiyejua lolote angelisoma kopo. Kosa kama lako linahitaji fundi.

Na kosa hilo, nakuapia, ningekusamehe. Ningekupigia kelele kwenye simu, ungecheka, ungerudi na kikwanguo, tungelikwangua pamoja. Hasira yangu haiko kwenye paa. Iko kwenye yale yaliyofuata, na hapo ndipo nataka usome kwa makini.

Domingo alilifunika paa kwa turubai akaniambia limepumzika, lisiguswe mpaka hali ya hewa ipate joto. Nikakubali, kwa kuwa wewe ndiye uliyelifanya na mikono yako ninaiheshimu. Baada ya Krismasi akaanza tabia mpya. Kila akimaliza kifungua kinywa anavaa kofia, anasema anakwenda duka la malisho kunywa kahawa na Lyle mwenye duka. Nilishukuru kwamba mzee amepata wa kupiga naye soga. Akirudi amechoka, nasema ni baridi. Vidole vyake vikaota upele mwekundu, akasema ni sabuni ya dukani. Nguo zake zikanuka siki, akasema Lyle siku hizi anakula matango ya chupa yaliyolowekwa siki kama mjamzito. Nilicheka, Orrin. Nilicheka huku nikizifua nguo hizo.

Wiki iliyopita alisahau dawa mezani. Nikampigia Lyle nimwombe amrudishe. Lyle akasema, "Bi Verna, huyo mzee sijamtia machoni tangu Krismasi. Nilidhani umemfungia ndani." Nikatoka bila koti. Nyayo zake zilikuwa zimetoka hadi barabarani, zikazunguka zizi la kondoo, zikaingia bandani kwa nyuma. Jiko hakuliwasha, nisije nikaona moshi. Nilimkuta juu ya ngazi, kikwanguo mkono mmoja, tambara la siki mkono wa pili, mkono wa shati umenata kwenye paa, midomo yake rangi ya wino. Hakuweza kuvuta pumzi. Nilipomshika, kabla hajaomba dawa, kabla hajalitaja hata jina langu, alisema, "Usimpigie Orrin."

Alilala hospitali. Amerudi nyumbani sasa, anaongea, anakula mchuzi wa maharage, lakini ngazi za veranda zinamshinda. Pale kitandani nilimtoa maneno kama mtu anayetoa mwiba: kidogo, kisha kidogo. Nayo ni haya, na nataka uyasome kwa mkono wangu ili ujue kwamba nayajua.

Alikupigia simu mara tu ulipoondoka, akakuambia paa linanata. Ulijua siku hiyo hiyo. Ukamwambia, "Litakauka lenyewe, shemeji. Ila usimwambie dada, atanipa kipindi kizima cha kemia." Alipokupigia tena halijakauka, ukamwambia akwangue kidogo kidogo, nawe utakuja baada ya mwaka mpya. Mwaka mpya umekuja, Orrin. Wewe hukuja. Mzee mwenye moyo uliochoka akapanda ngazi kwenye baridi, kila asubuhi, akikwangua uzembe wako na kunidanganya mimi, ili mimi na wewe tusirudi tena kwenye kununiana. Alikuwa analinda undugu wetu kwa pumzi zake mwenyewe. Wewe ulikuwa unalinda nini?

Na hata sasa anakutetea. Anasema, "Mwache, ni kijana mzuri, alitaka kusaidia." Kijana mzuri! Mwenye wajukuu na goti bovu!

Jana nililikata paa lote. Kulikwangua kusingefaa, kwa kuwa ile gundi mbichi imeshaingia katikati ya kitambaa na povu, na huwezi kujenga juu ya kitu ambacho hakitakauka kamwe. Nilichukua msumeno wa umeme nikazunguka kuta zote nne, Lyle akishika upande wa pili. Domingo alikaa mlangoni na mablanketi yake, jiko likinguruma. Lilipoanguka alilitazama muda mrefu. Nilifikiri atalia. Akasema, "Sasa nyota tutaziona bila dirisha, mwalimu." Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikia jibu, kama bado tuna wakati.

Nilimwambia tunao. Sikusema kweli. Peke yangu sina wakati huo. Naweza kupima na kuchanganya, lakini kulaza kitambaa kikubwa namna ile bila kunyanzi, gundi ikiwa inakimbilia kuganda, siwezi, na Lyle hawezi. Katika watu wote ninaowafahamu ni wewe tu unayeweza. Ninaliandika hilo kwa hasira, kwa sababu ingekuwa raha yangu kukuambia usitie mguu wako hapa tena.

Jambo la mwisho: Domingo aliniapisha nisikuandikie. Nilimshika mkono nikaapa, na hii barua inaondoka na posta ya leo. Akinilaumu, nitalaumiwa. Tangu tuoane sijawahi kumvunjia neno, na hili la kwanza nimelivunja kwa ajili ya mti mmoja mlimani.

Barabara ya huko kwenu hadi hapa wameisafisha, nimeuliza. Njoo wiki hii. Kigumishi hutakigusa, nitachanganya mimi, wewe utalaza. Chumba cha nyuma kina kitanda, na supu ipo. Msalimie Glenda, na umwambie zile soksi alizonitumia zimenienea vizuri. Wabusu wajukuu kwa niaba ya bibi yao mkali. Kondoo wanakusalimu, wao hawana kinyongo.

Na ukifika, Orrin, usimpe Domingo pole. Za hospitalini zimemtosha. Mpe paa.

Ni mimi dada yako,
Verna