Picha Yako Moja Ndefu

Yaya Fidèle, kaka yangu,

Nimechoka, ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Klipu ya yule mwimbaji Chola nimeimaliza leo, ile uliyopiga ufukweni kabla ugonjwa haujakulaza kitandani, na hapa Nchelenge hakuna mutu wa kubishana naye kama ni nzuri ama mbaya. Ulikuwa wewe tu.

Kwenye matanga yako walichukua televisheni yangu na jenereta yangu, wakaonyesha klipu zetu mpaka petroli ikakauka. Kila mutu: «Aa, Fidèle alikuwa fundi.» Picha ya kuweka juu ya jeneza ilikosekana, ju miaka yote ulikuwa nyuma ya kamera, lakini jina lako lilikuwa kwenye kila kinywa. Langu hapana. Nilikuwa pembeni nashikilia waya uliolegea. Hakuna aliyeuliza nani alikaa na deki mbili za video kwenye chumba cha joto, kidole kwenye pozi, kile kitufe cha kusimamisha kaseti, mpaka picha zile zikawa klipu. Sikulia siku ile, Yaya. Nilikuwa na hasira.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaweka kaseti za vikundi vidogo visivyo na tajiri, moja ya Lubumbashi, moja ya Copperbelt, tunazipima? Za Copperbelt, kamera imesimama kama inapiga picha ya pasipoti, waimbaji mstari mmoja mbele ya maua, hakuna kukata. Za Lubumbashi, kila mpigo picha mpya, nyota zinapasuka kwenye kona, mchezaji anaanza kuzungusha kiuno bustanini, anamalizia barabarani. Mimi nilipenda za Lubumbashi. Ukasema mutu anacheza na mwili mzima, mimi namuuza kwa vipande kama nyama. Nikakujibu picha zako ni ndefu mpaka jenereta inasinzia. Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Mwishowe tulipatana. Wimbo ukienda polepole, mapigo nane picha moja, ipumue. Gitaa ikichemka, mapigo mawili, kata. Na kwa kuwa deki yangu inachelewa kuanza, niliachia pozi kabla ya pigo la ngoma, si pamoja nalo. Hesabu hiyo niliitafuta mwenyewe, sikufundishwa na shule. Na wewe ulinipa vya kukata: uso, miguu, vidole vya mpiga gitaa, mitumbwi.

Sasa kaseti ya Chola. Nikaiweka, nikangoja uso, nikangoja miguu. Hakuna. Picha moja toka mwanzo mpaka mwisho: Chola kwenye mchanga, ziwa Mweru nyuma yake, anaimba. Nikasema, voilà, Yaya ameshinda ugomvi kwa kufa. Ameniachia kaseti isiyonihitaji. Na vijana wa kikundi cha Chola kila siku mlangoni: «Mama Mado, weka picha nyingi, weka nyota. Na pale inapotikisika, funika.»

Ju ubeti wa pili inatikisika. Chola anapanda, anashuka, ziwa linalala upande. Nilidhani ni uzembe. Nikapandisha sauti ya ufukweni, ile ambayo kwenye kopi tunaifuta ili tuweke wimbo msafi wa studio. Ni kikohozi, Yaya. Kirefu. Kumbe hukuhama pale ju haungeweza kutembea na kamera begani. Chola anakutazama, mdomo unaimba lakini macho yanauliza. Halafu sauti yako, ndogo: «Imba tu, mutoto. Makosa yote Mado atayakula. Klipu anatengeneza yeye, mimi nabeba mzigo tu.»

Nikarudisha kaseti. Nikarudisha tena. Ungesema maneno hayo mbele ya watu, ungepungukiwa nini?

Haya, nimeyala. Mbuzi aliyepita mwanzoni nimemtoa. Gitaa inapochemka nimeingiza miguu na mitumbwi toka kopi ya klipu yetu ya zamani, mapigo mawili mawili, vijana wafurahi. Nyota nimekataa. Sehemu zingine zote ni picha yako, ndefu kama ulivyotaka, na quand même, pamoja na urefu wake, haimsinzishi mutu. Ubeti wa pili sikuugusa. Chola ameuliza mbona bado inatikisika. Nikamwambia ndiyo picha pekee ya Fidèle tuliyo nayo. Akavua kofia.

Mwishoni nimepiga picha ya ubao wa chaki kama kawaida yetu, ila sasa una majina mawili: Picha, Fidèle. Kukata, Mado. Jumamosi tukiionyesha klipu watayasoma wote, mke wako atakaa mbele.

Kaseti-mama zetu zote, zile za kwanza toka kamera, tulipiga kazi nyingine juu yake, ju kaseti ni ghali, unajua. Hii nimevunja kile kipande cha plastiki mgongoni kinachoruhusu kurekodi. Hakuna deki itakayoandika juu yako, Yaya, hata yangu.

Tua mzigo sasa. Pumzisha bega.

Mado