Mbuzi Aliyekata Utepe

Jumatatu, 6 Julai 2020

Nimefungua stoo saa mbili kasoro robo. Nimehesabu. Glavu, nusu boksi. Barakoa, kumi na moja, moja kati ya hizo ina kamba upande mmoja tu. Gauni za kujikinga, hakuna. Koti la mvua, moja, la njano, na si mali ya hospitali yetu ya Isiolo. Ni la shemeji yangu Abdi, mwendesha bodaboda. Ndilo analovaa mke wangu Halima akiingia wadi ya corona. Wauguzi wenzake wanavaa mifuko ya taka waliyoitoboa matundu ya kichwa na mikono.

Leo mzee mmoja aliyeletwa kutoka Merti na kifua kibovu amemwona Halima mlangoni na hilo koti, akaanza kumshukuru Mungu kwa sauti. Alidhani mvua imenyesha. Halima hakuwa na moyo wa kumwambia.

Upepo wa Julai umeanza. Umebeba beseni la jirani na hatujui limeangukia wapi.

Jumanne, 7 Julai

Lori limefika! Masanduku arobaini. Gauni, glavu, barakoa, miwani, viatu vya mpira. Wauguzi wamepiga vigelegele. Kawira, yule binti wa Meru anayeshika zamu na Halima, amecheza uwanjani na mfuko wake wa taka.

Kisha Bosi, yaani daktari msimamizi, akasoma barua iliyokuja na lori. Masanduku yasifunguliwe mpaka Mheshimiwa aje kuyakabidhi rasmi, mbele ya kamera, Ijumaa. Vigelegele vilikatika kama umeme.

Stoo yangu imejaa vyandarua, na vitanda vibovu vinavyosubiri kamati ya kuvitupa. Kwa hiyo masanduku yamepangwa barazani. Bosi ameyazungushia utepe wa buluu, akafunga fundo kama ua. Mimi nimepewa kazi ya kulinda. Nimebeba kiti changu.

Baraza hilo ndilo njia ya kwenda wadi ya corona. Hakuna njia nyingine.

Jumatano, 8 Julai

Nimekaa. Wamepita mmoja mmoja na mifuko yao, wakaangalia masanduku, wakaniangalia mimi. Kawira amesimama.

"Mzee Yusuf, nipe gauni moja tu. Nitarudisha."

Nimemwambia subira huvuta heri, ni siku mbili tu. Amejibu kwamba kuna vitu vingine pia huvutwa, akakohoa kwa mzaha, akaingia ndani.

Niandike hapa, maana hakuna atakayesoma: sikujisikia vizuri. Lakini nimetunza stoo hii miaka kumi na tisa na hakuna hata bendeji iliyotoka bila sahihi. Babu yangu alilinda ghala la risasi katika jeshi la Mwingereza. Kila mfanyakazi mpya hapa nimemsimulia kwamba Babu hakutoa risasi hata moja bila karatasi.

Nyumbani Halima anakula barazani, mimi na Mama sebuleni, ili asituambukize. Tumekuwa tukizungumza dirishani kila jioni. Leo dirisha limefungwa, na moyo wake pia. Nimesukuma sahani ya wali nje. Imerudi tupu bila salamu.

Ijumaa, 10 Julai

Nimevaa suti. Mheshimiwa hajaja. Amekwama Garbatulla, wamesema barabara. Sherehe ni Jumatatu.

Walikuja wengine. Mama Qabale, mwenyekiti wa akina mama wanaouza maziwa ya ngamia, ameingia na wenzake sita wamebeba mifuko. Wao hupokea maziwa wakiwa na makoti meupe, kofia za nywele, glavu na gambuti, kila kitu kisafi. Wameleta vya akiba kwa wauguzi. Kawaida yake ni kunisalimia kwa dakika nzima: mimi hujambo, nyumbani, mama, watoto, mvua, mifugo nisiyokuwa nayo. Leo amesema salaam aleikum tu, akageukia masanduku.

"Yusuf, mimi nalinda maziwa kuliko serikali nalinda daktari."

Makoti yamefika matano na wauguzi ni tisa. Halima hakuchukua. Amewapa wengine, akabaki na koti la Abdi.

Jumamosi, 11 Julai

Kipindi cha asubuhi redioni kilikuwa juu yetu. Mtu wa Kinna amesema hospitali ina vifaa vya mapambo. Mtu wa Garbatulla ameuliza kama masanduku yana corona, ndiyo maana yametengwa. Mwingine ameuliza yule mzee anayeyakalia ni nani, na kama naye ni wa kukabidhiwa.

Mama amecheka mpaka akakabwa na mkate wa anjera.

Jumatatu, 13 Julai

Suti tena. Mheshimiwa hajaja. Sherehe sasa ni Alhamisi, kama hakuna mazishi.

Kawira ana homa. Alianza jana jioni. Amelazwa katika wadi ileile aliyokuwa akihudumia, kitanda cha tatu, karibu na mzee wa Merti. Mzee anamuuliza mvua ilifika mpaka wapi.

Aliniomba gauni moja. Nimerudia hiyo sentensi kichwani siku nzima. Naona haya. Chakula hakikupita.

Jumanne, 14 Julai

Nimemwandikia Bosi barua kuomba kufungua sanduku moja. Moja tu. Nimeiandika vizuri, na kichwa cha habari nimekipigia mstari kwa rula. Amejibu kwa mdomo, bila kuishika: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kisha ameondoka kwenda mkutano Meru mpaka Jumamosi. Mkutano ni wa kujadili uhaba wa vifaa.

Jioni dirisha limefunguka. Halima ameniuliza swali moja. "Ukiambiwa ni mimi niko kitanda cha nne, utaandika barua nyingine?"

Nikasema nimeambiwa nisikate utepe. Nikasema kazi yangu ikienda tutakula nini. "Kwa hivyo shida ni utepe," akasema, kwa upole. Nilitamani angepiga kelele.

Alhamisi, 16 Julai

Siku ya ajabu. Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi ujumbe umekuja kwamba kuna mazishi. Sherehe imesukumwa mpaka Jumatatu. Suti yangu imeanza kuchoka.

Mbuzi wa mjini hupita barazani kila siku. Wamekula kadi za kliniki, wamekula tangazo la kunawa mikono, lakini utepe hawajaugusa siku tisa. Leo saa nne dume mmoja mweusi, masikio marefu, wa Mama Qabale, amekuja moja kwa moja kama aliyeitwa. Nilikuwa naandika. Nilipoinua kichwa alikuwa anaulamba utepe. Ameulamba kwa bidii, kama mtoto na peremende. Kisha akaanza kuula. Nikavuta upande huu, yeye akavuta upande ule. Watu waliokuwa foleni ya dawa wamegawanyika, na wengi walikuwa upande wa mbuzi. Fundo lile kama ua ndilo lililoingia mwisho.

Nimebaki na kipande cha urefu wa kidole.

Halima akatoka wadini. Amesimama mbali, koti la njano likimpigapiga kwa upepo.

"Utepe umekatwa," akasema.

"Umeliwa."

"Barua inasema nani akate?"

Nikaisoma tena. Inasema Mheshimiwa atakabidhi. Inasema masanduku yatakuwa na utepe mpaka hapo. Haisemi mtunza stoo afanye nini kama utepe umo tumboni mwa mbuzi. Nikaisoma mara ya tatu, polepole, nikitafuta mahali pa kujificha. Hapakuwa na mahali. Nikaona vidole vya Halima. Vimechubuka kwa dawa ya kuoshea ile glavu moja anayovaa siku nzima.

Nikatoa kisu cha kukatia karatasi. Nikafungua kitabu cha stoo nikaandika saa. Nikawaambia wauguzi wapange foleni na kila mtu aweke sahihi. Gauni la kwanza nimempa mke wangu, naye ameweka sahihi ndefu kuliko kawaida.

Wote tisa wana gauni, barakoa, miwani. Vilivyobaki tumevihamishia wadini, masanduku yakabaki matupu. Kawira amepelekewa lake kitandani, akalivaa akiwa amelala. Homa imeshuka kidogo.

Naogopa sana. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 18 Julai

Bosi amerudi. Amewaona wauguzi wamevaa, akawa kama aliyemwagiwa maji ya barafu. Hawezi kuwavua. Ameamuru masanduku matupu yafungwe kwa gundi, yapangwe palepale, utepe mpya. Nimependekeza tutie mawe. Amekataa. Mheshimiwa anaumwa mgongo, na lazima ainue moja kwa ajili ya picha.

Nimemkumbusha kuhusu upepo. Ameniambia nisijitie kujua kila kitu.

Jumatatu, 20 Julai

Mheshimiwa amekuja.

Mahema, viti, vipaza sauti. Watu wa mji wamejaa mpaka nje ya uzio, wengine na hasira za wiki mbili, wengine kuona mbuzi. Wauguzi walikuwa wameagizwa watoke na mifuko ya taka ili picha ionyeshe shida. Wamekataa kutoka. Wamesema wana wagonjwa.

Mheshimiwa ameongea nusu saa kuhusu mashujaa wetu. Amekata utepe. Ameinua sanduku kwa mkono mmoja, akatabasamu, kisha akalitazama. Ndipo upepo ulipokuja.

Safu ya juu ilianza. Masanduku sita yaliruka kwa pamoja, yakapita juu ya wageni waheshimiwa. Mengine yakafuata, yakibiringika. Moja lilimvaa mpiga picha kichwani. Moja lilivuka uzio na nasikia limeonekana likielekea barabara ya Moyale. Katika dakika moja baraza lilikuwa wazi, na nyuma yake dirisha la wadi, na dirishani wauguzi wamejipanga, weupe kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakipunga mikono yenye glavu.

Mheshimiwa akauliza vitu viko wapi. Bosi akanitazama mimi. Watu wote wakanitazama mimi.

Kitabu kilikuwa kwapani. Sijui kufanya kitu kingine, nikasoma. Mtu alinisogezea kipaza sauti.

"Alhamisi, tarehe kumi na sita Julai, saa nne na dakika kumi asubuhi. Utepe umekatwa na mbuzi, dume, mweusi, masikio marefu. Saa nne na robo vifaa vimeanza kutolewa. Sahihi zote zipo."

"Hiyo ni mbuzi yangu!" Mama Qabale akasema kutoka nyuma, kwa fahari kabisa.

Sijawahi kusikia Isiolo ikicheka namna hiyo. Hata mzee wa Merti alisikika kutoka ndani. Mheshimiwa alihesabu kamera, akaamua naye acheke. Ameomba mbuzi aletwe. Wamepigwa picha pamoja, mbuzi akijaribu kula hotuba.

Bosi hakucheka.

Jumanne, 21 Julai

Nimepokea barua. Nijieleze kwa maandishi, ndani ya siku saba, kwa nini nisichukuliwe hatua za nidhamu. Nimeweka sahihi ya kuipokea. Miaka kumi na tisa.

Nimemwambia Mama kwamba nimeaibisha jina la Babu. Ameweka kikombe chini.

"Waryaa, kijana, nani alikudanganya? Babu yako alivunja kufuli ya ghala siku adui alifika. Aligawa risasi kama njugu. Ndiyo maana alirudi bila cheo."

Nimemuuliza kwa nini hakuniambia. Amesema nilikuwa nafurahia sana hadithi yangu.

Ijumaa, 24 Julai

Barua nimepeleka. Ukurasa mmoja, na nakala ya sahihi tisa. Bosi ameiweka chini ya glasi yake ya chai. Nasikia Mheshimiwa ameipenda ile picha, kwa hiyo huenda nisifukuzwe. Sina uhakika.

Kawira ametoka wadini, amekonda, anacheka. Amepita kwangu akaomba gauni kwa mzaha. Nimempa, ameweka sahihi. Nimemwomba msamaha na amesema yameisha.

Majibu ya kipimo cha corona cha Halima yametoka. Hana. Leo amekula ndani, mezani, mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Nilinunua nyama ya mbuzi. Kabla ya kuonja ameuliza ni mbuzi gani. Nimemhakikishia si yule. Kisha amechukua mfupa mnono kutoka sahani yangu bila kuomba.

Baadaye nimelifua koti la Abdi ili nimrudishie. Mfukoni nimekuta jiwe la chumvi ya kulambwa na mifugo, ukubwa wa yai, upande mmoja umesuguliwa mpaka umekuwa bapa. Lina uzi mmoja wa buluu, wa utepe.

Sisi hatufugi hata kuku.

Nimelipeleka stoo, rafu ya juu, nyuma ya vyandarua. Kitabuni sijaandika.