Pamba Kwenye Paa la Gari

Baba,

Shikamoo. Leo imenitoka kwa shida, kama mwiba wa samaki mgebuka kooni, ila mtoto ni mtoto.

Tangu tukuzike ziwa halijatulia. Lilianza kupanda ukiwa hai, ukasema litarudi, ziwa letu halina roho mbaya. Halikurudi. Limeingia uani, likaingia jikoni, sasa chumbani mwenu, wewe na Mama, wanaogelea samaki. Mama yuko kwa shangazi, dada yako, analala sebuleni. Unamjua Mama. Mwanamke aliyeamrisha nyumba yake miaka yote ile, leo anaomba ruhusa ya kuwasha jiko. Hiyo inaniuma kuliko nyumba yenyewe.

Ndipo akaja Sudi, yule mwenye ghala la dagaa kule Kibirizi. Akaniambia ana gari la kulala, kubwa, waliloliacha Wazungu waliotembea nalo nchi kwa nchi mpaka injini ikawafia hapa. Vitanda ndani, jiko ndani, choo ndani. Nikajiambia, si ndiyo dawa? Maji yakija, nyumba tunaivuta juu na trekta, maji yakirudi tunaishusha. Injini tungeifufua polepole kwa fundi magari, na kazi ya mbao ningemaliza mwenyewe, maana nani amenifundisha mbao kama si wewe? Mama alifurahi, Baba. Hajafurahi tangu matanga yako. Akaanza kuchagua kitambaa cha pazia. Akiba yetu ya kiwanja ilikuwa tayari kwenye mkoba wake.

Juzi tukaenda kulikagua.

Kinyaa! Sina neno jingine. Mlango ulipofunguliwa nikapigwa na harufu ya dagaa waliooza, mkojo wa panya na godoro bichi, vyote pamoja. Sudi alikuwa amelifanya stoo, magunia yamevuja mafuta sakafuni, viatu vinanata. Kwenye sinki kulikuwa na panya wamekauka, mama na watoto. Choo chenyewe, Wazungu hawakukimwaga, na Sudi hakukimwaga, miaka mingapi sijui. Nikafunika pua na khanga. Mama akachungulia, akaona choo na jiko vinagawana ukuta mmoja, akasema, "Yewe! Hawa watu walikuwa wanakula wapi na wanafanya nini wapi?" Akatoka nje kutema mate, akaenda kukaa mbali, barabarani. Sudi yuko pembeni anatabasamu, eti sabuni kidogo tu, binti yangu, sabuni kidogo na udi.

Bado nilikuwa nataka kununua. Uchafu unaoshwa. Nikashika bisibisi, nikaanza kuchoma mbao kutafuta uozo kama ulivyonifundisha, kona kwanza, katikati baadaye. Ukutani ikazama mpaka kwenye mpini. Nikapanda kitandani, nikavuta ubao wa dari uliopakwa rangi mpya. Ukanidondokea usoni, pamoja na mende wake.

Juu yake nikaona pamba.

Pamba ya kuzibia boti, Baba, imechovywa mawese, imegongewa kwenye maungio ya paa la gari. Nilicheka kwanza. Nikasema, ni mpumbavu gani wa Ujiji amelifanya gari mtumbwi? Pamba kwenye boti inakunywa maji, inavimba, inaziba. Kwenye paa inakaa juani, inakauka, inasinyaa, na mvua ya pili inapita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza pale kwenye banda letu la kuunda boti anajua.

Halafu nikaivuta. Ilikuwa imesokotwa kwenda kushoto, na mwanzoni ina fundo.

Nani mwingine katika ziwa hili lote anasokota kushoto? Nani anapiga fundo mwanzoni kwa sababu dole gumba lake halikunjiki? Nilisimama na ule uzi mkononi, unanuka panya. Sudi akasema kutoka mlangoni, "Mbona unaidharau kazi ya mzee wako? Nilimwambia sitaki lidumu, nataka lisivuje mteja akija." Akataja na masika uliyoifanya kazi hiyo. Nami naikumbuka masika ile, Baba. Ndiyo uliyoniletea randa mpya, sikuuliza kwa pesa gani, ukasema fundi wa kike asiazime vifaa vya wanaume.

Ningeweza kujidanganya kwamba ulikosea. Lakini wewe ndiye uliyesema, "Mtu utamdanganya, maji hutayadanganya." Ulisema kila siku, mpaka nikakuchoka. Ulijua. Ulijua lile paa litamnyeshea mtu. Hukujua tu kwamba ni Mama.

Nilikwenda nyuma ya ghala nikatapika. Nimechukizwa na Sudi, nimechukizwa na lile gari, na nimechukizwa na wewe. Nasema wazi, huwezi kunikatiza.

Hatukununua. Sudi akadai nimemharibia dari, nikamwambia ngoja niiharibu vizuri. Nikapanda juu na patasi butu, ile yako, nikang'oa pamba yote, uzi kwa uzi, mpaka ukikaa ndani unaona mawingu. Atakayekuja kununua aone anachonunua. Alipiga kelele mpaka wapakiaji wakasogea, mimi sikushuka.

Mama nimemwambia limeoza. Aliyeziba, sijamwambia. Aliniuliza kwa nini nimelia, nikasema ni vumbi la panya. Akakikunja kile kitambaa cha pazia akakiweka kwenye mkoba. Labda naye anajua usokotaji wako.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ulikwenda kuziba ufa usiozibika, na ukuta nitaujenga mimi. Tumepata kiwanja kidogo juu, mbali na maji. Nitamjengea Mama chumba na jiko lake, kwa mbao, mwenyewe. Nitaziranda kwa randa ile ile. Nilitaka kuitupa ziwani, nikashindwa, inakata vizuri mno. Na ubao wenye ufa nitautoa, sitaupaka rangi. Hiyo nakuahidi, hata kama ahadi ni ya kukuumiza.

Lala salama, Baba. Hasira bado ninayo. Ijumaa nitakuja kaburini kukusomea Yasin kama kawaida, na nitakung'olea magugu.

Binti yako.