Farasi Mwekundu na Wanaume Wanne wa Ndevu

Jumatatu, 2 Aprili

Mandazi leo kidogo. Unga imepungua. Sukari hakuna kabisa, chai natia asali ya mlimani ambayo ndugu za Aisha walituletea kutoka kwao Nakaloke, upande wa Mbale. Wateja wanalalamika, na wanakunywa.

Aisha ndiye anaandika, mimi kalamu sijui. Ni mke mwenzangu. Mzee wetu alikufa akatuachia hii hoteli ya chai hapa Walukuba, Jinja, sisi wawili, tugombane vizuri. Yeye alisoma mpaka darasa la tano. Mimi nasema, yeye anaandika. Aisha, usipunguze. Najua unapunguza.

Sajini wa kambini alikuja tena. Saa kumi, kama kila siku. Aliweka bunduki juu ya meza, akaagiza chai, akasema, "Mama Zaituni, farasi."

Farasi ni santuri. Gramafoni hii ilikuwa ya Bharat, mtoto wa Muhindi niliyempikia miaka mingi kule karibu na soko. Siku Wahindi walipofukuzwa, yule kijana aliniachia gramafoni na santuri tisa za roki. Alililia zile santuri kuliko nyumba. Yeye ndiye alinifundisha kusikiliza. Alisema bendi ikiwa na moyo haifichi nguvu yake nyuma, inaiweka kwa wimbo wa kwanza. Wimbo wa kwanza ikiwa mbaya alikuwa anatoa sindano na kusema, hawa waoga.

Majina ya bendi sisomi. Kila moja naijua kwa picha ya ganda yake ya karatasi na namna inavyoanza. Farasi mwekundu: gitaa moja peke yake, polepole, kama mtu ananoa panga kwa jiwe. Unangoja. Unangoja tena. Halafu ngoma inaanguka kama gunia kutoka kwa lori. Wanaume wanne wa ndevu: hakuna salamu. Ngoma mara moja, pa pa pa, kama ngumi kwa mlango. Ile ya jicho inaanza na kinanda ya kanisa, ndefu, mpaka unataka kutubu. Maneno yao sisikii na sijali.

Sajini anataka farasi, wimbo wa kwanza tu. Na iko na sheria yake. Wimbo ikianza, mtu hasemi mpaka iishe. Juzi alimtoa nje fundi wa kiwandani kwa sababu alikohoa.

Namwogopa.

Jumatano, 4 Aprili

Hamisi amerudi.

Mwanangu wa mwisho. Aliingia mchana kwa mlango wa nyuma, nguo ya jeshi imepasuka, buti moja mkononi. Ametembea kutoka upande wa Masaka. Jeshi lao limepigwa na wale wa ng'ambo ya mpaka, wenzake wamekufa, yeye akaacha bunduki kwa shamba la ndizi akatembea. Alikula mandazi kumi bila kuketi.

Sikulia. Nilikasirika. Nilimwambia nilikukataza kujiandikisha, ukasema mshahara. Haya, kula mshahara.

Wakimshika wanampiga risasi. Hiyo ndiyo adhabu ya mtoro, kila mtu hapa anajua.

Tumemweka stoo ya makaa, nyuma ya magunia. Ukuta mmoja tu kati yake na meza ya Sajini.

Jumatano hii nilisahau kuswali alasiri. Naandikisha ili nijue.

Ijumaa, 6 Aprili

Aisha hataki kuandika. Anasema daftari hii itatuua. Nimemwambia andika, tutaizika ndani ya pipa la unga, hakuna askari anapika. Kifua yangu inajaa nikinyamaza. Yeye akasema, "Wewe hata ukilala unasema, Mama Zaituni. Kifua inajaa saa ngapi?"

Haya. Ameandika.

Kuita Hamisi kwa jina hatuwezi, jirani wana masikio. Kugonga ukuta hatuwezi. Kwa hiyo tumekubaliana na santuri. Yeye amekua na zile santuri, anazijua kabla sauti haijatoka vizuri. Farasi ikianza, Sajini yuko ndani: usipumue. Wale wa ndevu wakianza, nyumba iko tupu: toka, kula, nenda choo. Jirani wanasikia muziki, na hiyo si ajabu. Mimi ni yule mwanamke mzee anayependa kelele ya Wazungu, wamenicheka miaka saba.

Leo ilifanya kazi mara mbili.

Jumatatu, 9 Aprili

Wamempiga kijana mmoja risasi kwa njia ya kiwanda. Mtoro. Hawakumpeleka mahali, pale pale. Mama yake alikuwa anauza mboga karibu na bomba. Leo meza yake iko, yeye hayuko.

Sajini alikuja baada ya hiyo. Sikuuliza kama ni yeye. Alitaka farasi mara tatu, mfululizo. Mara tatu gitaa inanoa panga, mara tatu Hamisi nyuma ya ukuta hasogei, na joto ya mabati ile. Hamisi alipotoka macho yalikuwa mekundu kwa vumbi ya makaa. Alisema hapo zamani alipenda ule wimbo kuliko zote. Sasa akiusikia anataka kuivunja ile santuri.

Mimi pia.

Sasa nasema kitu mbaya. Kuna dakika natamani Hamisi angebaki kule. Aisha ameacha kuandika. Aisha, andika. Ni dakika tu, halafu inapita.

Jumatano, 11 Aprili

Redio inasema hivi, watu wanasema vile. Mizinga tunasikia, mbali, kama mtu anaburuta kabati.

Sajini alifika mapema, hoteli haina mtu. Alikaa chini kwa sakafu na kitambaa chake mwenyewe, akapanguza santuri zote tisa. Alisema vumbi inaua sindano. Aliongea vizuri leo. Kwao walikuwa na redio moja kijiji kizima, akatembea maili nyingi kuisikia. Alirudisha kila moja kwa ganda yake, akazipanga, akasema, "Sasa zimeoga, mama."

Nilimpa andazi la bure. Nikajichukia jioni nzima. Santuri sikupiga tena, Aisha alimpelekea Hamisi chakula gizani.

Alhamisi, 12 Aprili

Aisha amerudi kutoka kutafuta unga na anaandika haraka kwa sababu mimi sitasema mara mbili.

Saa kumi. Sajini akaingia. Bunduki juu ya meza. Yeye mchafu, hajanyoa. Nikamtilia chai. "Farasi, mama."

Nikachukua ganda ya farasi. Nikatoa santuri. Katikati ni nyekundu, lakini nusu ya zile santuri katikati ni nyekundu, maandishi tu ndiyo yanatofautiana, na maandishi ni ya wenye macho ya shule. Nikaweka. Nikashusha sindano.

Pa pa pa.

Wale wa ndevu. Ndani ya ganda ya farasi. Alipozipanguza alizichanganya, na Aisha ambaye anasoma hakuwepo.

Mkono yangu ilienda kwa sindano. Sajini akainua kidole. Sheria. Nikabaki na mkono hewani kama mjinga. Nikaita moyoni, Hamisi, usitoke, Hamisi, leo uwe kiziwi. Mlango wa stoo ukalia. Mwanangu akatoka na sahani ya bati mkononi, mweusi wa makaa kichwa mpaka kidole, anatabasamu kwa sababu ana njaa.

Akamwona.

Sahani haikuanguka. Aliishika na mikono miwili, kifuani. Bunduki iko juu ya meza. Mkono wa Sajini uko karibu na bunduki, na kidole cha mkono mwingine bado kiko juu. Na wimbo inaenda.

Ule wimbo ni mrefu. Miaka saba sikujua ni mrefu hivyo. Ngoma, halafu gitaa zinaingia mbili, halafu yule mtu analia, halafu ngoma peke yake tena. Mkojo ulinitoka, andika, Aisha, ni kweli. Nje lori la askari likapita, watu wanapiga kelele juu yake, mmoja akaita jina la Sajini. Hakugeuka. Alimwangalia Hamisi miguu. Hamisi aliangalia sahani. Mimi niliangalia sindano, inaenda ndani, inaenda ndani, na nilijua ikifika mwisho mtoto wangu amekufa. Nilitaka iishe. Nilitaka isiishe.

Ikaisha.

Sajini akatoa sindano mwenyewe. Polepole, asiikwaruze.

"Kikosi gani?"

Hamisi akamwambia.

"Ulitembea siku ngapi?"

"Kumi na nne, afande."

"Na huko mbele, kuna mtu amebaki?"

"Hakuna, afande."

Sajini akakaa. Akamaliza chai yake, yote, na ile ya chini yenye majani. Halafu akaniuliza kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi, "Mama, marehemu mzee alikuwa na mwili kama wangu?"

Nilimpa kanzu. Ya sikukuu ya Idi, ile nzuri, sikuchagua. Aliivaa hapo hapo, nguo ya jeshi akaiacha kwa sakafu. Akamwambia Hamisi achome miguu kwa jua, kwa sababu watu wanaangalia mguu uliopauka ndani ya buti. Bunduki aliifunga ndani ya gunia akasema anaenda kuitupa kwa maji. Mlangoni aligeuka.

"Huu wa leo ni mzuri kuliko farasi. Ulikuwa unanificha nini, mama?"

Alicheka peke yake. Akaenda.

Ijumaa, 13 Aprili

Tumechoma nguo za Sajini na za Hamisi ndani ya tanuri ya mikate. Vifungo havikuungua. Aisha amevitupa chooni.

Hamisi ameketi uani, miguu juani.

Sijui kama yule mtu ni mbaya. Yule kijana wa njia ya kiwanda, labda alimpiga yeye. Labda. Kanzu ya mume wangu iko mwilini mwake na mimi nimemwombea afike. Nimekasirika na hiyo dua, na sijaiondoa.

Jumatatu, 23 Aprili

Askari wale wengine, wa ng'ambo ya mpaka, wamefika. Kiswahili chao safi mpaka nimeona aibu kufungua mdomo. "Shikamoo mama." Mimi! Walipekua nyumba. Walimwambia Hamisi simama, pandisha suruali. Waliangalia miguu. Jua ya siku kumi. Waliendelea.

Jirani mmoja alikuwa anaangalia kutoka dirishani. Anajua mwanangu alikuwa nani. Hajasema. Bado.

Aisha ameanza kufunga vitu. Tunaenda kwao.

Jumamosi, 29 Septemba

Mbale. Tumepanga vyumba viwili hapa Namakwekwe, cha mbele tunauza chai. Sukari imerudi sokoni, ghali, lakini ipo. Mvua asubuhi, mlima haukuonekana. Maziwa hapa ni mazuri kuliko Jinja, hilo lazima niseme, hata kama Aisha atajivuna.

Hamisi anashona viatu. Anafanya kazi ndani, chumba cha nyuma, mlango umefungwa. Miezi mitano hivyo. Mteja akiingia, yeye anaacha kupumua, nasikia. Wimbo wowote ukianza kwa jirani, anasimama kwanza, ndipo anakumbuka tuko Mbale. Zile tisa sijagusa. Sina hamu.

Leo mwenye nyumba alileta santuri ameokota sokoni. Haina ganda. Katikati karatasi imetoka, hata Aisha hana cha kusoma. Anataka kujua ni ya nini.

Nilisema hapana. Hamisi akatoka, akaichukua mkononi, akaipanguza kwa shati. Akaleta gramafoni mpaka mlango wa mbele, barabara yote inaona. Akavuta kibao akaketi, kiatu cha mtu kwa paja, sindano ya kushonea mdomoni.

Sijui inaanzaje. Yeye pia hajui. Inakwaruza tu. Watu wanapita.

Imeanza. Hamisi hakuinuka.