Hatua Elfu Mbili Hadi Kwenye Meza

Kaka yangu mpendwa,

Baba alipotea Jumatano saa tatu asubuhi, akapatikana Alhamisi saa saba na nusu mchana. Jumla yake ni saa ishirini na nane na nusu. Najua unayajua hayo, ila nayarudia kwa maandishi kwa sababu kwenye simu kila nikifika katikati unanikata, na leo nataka nifike mwisho.

Kwanza pokea salamu zangu. Ni matumaini yangu kwamba wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba kile kikohozi cha wifi kimekwisha. Sisi huku tu wazima, tena wazima kweli, maana tangu Alhamisi nimekuwa nikijishika kifua kuhakikisha moyo umerudi mahali pake. Baba yuko kibarazani kwake, mguu kauweka juu ya kigoda, analalamika kwamba bandeji imefungwa na mtu asiyejua kufunga fundo. Mtu huyo ni mimi. Anilalamikie tu, namwacha, sauti yake inanitosha.

Sasa nianze. Unalikumbuka lile fumbo. Baba alikuwa mpima ardhi miaka thelathini na mmoja, akipima nyika ambazo hata ndege hawakai, na kila akirudi nyumbani alikupakata wewe, mtoto wa kiume, akakusomea. Mimi nililipata nikiwa mlangoni na ufagio. Wewe ulipewa, mimi nililiokota, lakini nalijua lote:

Mto usio na maji, fuata hadi jabali,
Simwulize mpitaji, tafuta vichwa viwili,
Uwe kama mpimaji, hatua elfu mbili,
Meza isiyo mlaji, ndipo jawabu la kweli.

Akifika mstari wa tatu alikuwa anajipiga kofi kisogoni, maana yake jua la asubuhi likuchome hapo, yaani uelekee magharibi. Hukuwahi kuuliza ni wapi. Mimi niliuliza mara moja nikaambiwa nimalize kufagia.

Jumatano nilikuwa karakana, nachomelea mshono wa tangi la lita elfu tano, mwenye cherehani anayeishi mkabala na Baba akanipigia. Alisema mlango wa Mzee uko wazi tangu asubuhi, chai imepoa mezani, na alimwona kwa macho yake akipandishwa kwenye lori la kokoto, amevaa kofia ya kazini, ana fimbo na galoni ya maji. Nikamtafuta dereva wa lori hadi nikampata machimboni. Akasema ndiyo, alimshusha darajani, pale kwenye mto mkavu, na kwamba Mzee alimshukuru vizuri na kuondoka akichechemea kama mtu anayewahi kazini.

Hapo nikajua anakokwenda. Galoni ile ni ya lita tatu. Kwa jua la wiki hii, mtu wa miaka sabini na sita anayetembea hawezi kufika nayo mchana wa kesho yake. Hiyo hesabu niliipiga nikiwa nimesimama, na sikuipenda.

Kituoni askari wa zamu alisema tungoje. Sikungoja. Nilichukua mafundi wangu wote sita, majirani tisa, na dereva wangu, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Kutoka darajani hadi kwenye kilima chenye vichwa viwili ni kilomita nne za mchanga, na nyayo za Baba zilionekana wazi, moja nzito moja nyepesi, mpaka kwenye mawe ya kilimani zikakoma. Ndipo nikakupigia wewe, mwalimu wa jiografia. Ukasema, bila hata kuvuta pumzi, kwamba hatua ya mtu mzima ni sentimita sabini na tano, mara elfu mbili ni mita elfu moja na mia tano, kwa hiyo tutafute kilomita moja na nusu magharibi ya kilima, na ukakata simu kwa sababu una kikao cha wazazi. Nikakuamini. Wewe ndiye uliyepewa fumbo.

Vichaka vya miiba vimeziba njia ya moja kwa moja, kwa hiyo tulizunguka na pikapu kwa barabara ya nyuma mpaka tukafika kwenye hiyo kilomita moja na nusu yako. Tulipekua mpaka giza, tukarudi alfajiri tukapekua tena. Hakuna meza, hakuna Mzee, hakuna hata fimbo. Redio alinyamaza. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwa sababu hata msibani kwao alikuwa akiongea. Mwishowe akasema kwa sauti ya chini kwamba kama Mzee alipima mwenyewe kwa mguu ule, basi hesabu ya mwalimu na ya mganga wa kienyeji ni sawasawa.

Kaka, mimi nilikaa kwenye bampa nikamtazama. Mguu wa kushoto wa Baba ni mfupi tangu kuzaliwa. Hakuna mpima ardhi duniani anayemhesabisha hatua mtu anayechechemea. Sisi wawili tumeishi na mguu ule miaka yote, na wewe ukapiga hesabu kana kwamba hatua ni za Baba na miguu yake ni sawa, na mimi nikazipokea hivyo hivyo. Hatua zilikuwa za mama. Kabla hatujazaliwa alikuwa kibarua wa kubeba vigingi katika kikosi cha Baba, na kazi yake nyingine ilikuwa kutembea mbele akihesabu, kabla ya wanaume kunyoosha tepu.

Na hatua ya marehemu mama naijua. Nilipopata kiwanja cha karakana alikipima kwa miguu, akasema arobaini. Nikakipima kwa tepu, ikasema mita ishirini na mbili. Hiyo ni sentimita hamsini na tano kwa hatua moja. Mara elfu mbili ni mita elfu moja na mia moja. Tulikuwa tumepitiliza mita mia nne, na kati yetu na Baba kulikuwa na miiba.

Tulichukua mapanga tukaingia. Tulifyeka saa mbili na zaidi. Redio ndiye aliyesikia kwanza mtu akigonga jiwe kwa fimbo, polepole. Baba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha bamba la jiwe, pana na bapa kama meza ya watu kumi, kifundo cha mguu kimeteguka, maji yamebaki kama kifuniko kimoja. Alikuwa amepenya kutoka upande wa kilima, kwa ujia mwembamba wa mbuzi ambao sisi hatukuuona. Nilidhani atalia. Akaniuliza mbona nimechelewa, kwani mwalimu hakunisaidia hesabu? Kisha akasema hakupotea hata dakika moja, alijua alipo kuliko sisi sote, ila mguu ndio uliokataa kurudi. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nililia pia, lakini hilo waachie mafundi wangu, watakusimulia kwa raha.

Pembeni mwa lile jiwe kuna mikwaruzo ishirini, imepangwa mmoja mmoja, kila mmoja hatua mia. Mama aliichonga kwa ncha ya kigingi. Na Baba akaniambia jambo jingine pale pale, nikimnywesha maji kwa kifuniko: fumbo alilitunga mama. Walipumzika hapo mchana mmoja, akalitunga, akamwambia akizaa atawafundisha watoto wake. Baba anasema yeye alikuwa kasuku tu.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nichukue kalamu. Jumatano ile ulipouliza imekuwaje, nilikuambia akili za Baba zimeanza kupungua, kwamba anasahau hata alikoweka miwani. Nilimwambia hivyo na askari, akaandika. Wewe ukachukua neno hilo ukalifanyia kazi haraka kuliko ulivyowahi kufanya jambo lolote la nyumbani kwetu: Alhamisi jioni, Baba hata hajaoga, ulikuwa umeshaagiza lori la kuhamisha vyombo vyake Jumamosi hii inayokuja, ahamie chumba cha nyuma kwako, nyumba yake wapewe wapangaji.

Kaka, nilidanganya. Jumanne jioni nilikwenda kwake nimechoka, tangi langu limevuja mbele ya mteja. Baba akaanza fumbo lake juu ya chakula. Nikamwambia nimepekua ramani zote na mahali hapo hapapo, kwamba ametudanganya miaka arobaini, na kwamba mama alikufa akimwonea huruma. Akaweka kijiko chini, akauliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Asubuhi akaenda kunionyesha. Si usahaulifu uliomtoa nyumbani, ni mdomo wangu. Mtu anayefika mita kwa mita mahali alipopaacha zaidi ya miaka arobaini iliyopita hana ugonjwa wa kusahau. Niliona aibu, na ilikuwa rahisi kumtwika yeye.

Baba nimemwomba radhi. Alisema sawa, halafu akanituma sabuni. Ijumaa nilirudi kituoni kurekebisha maelezo yangu, askari akanung'unika kwamba nimemharibia kitabu, lakini akafuta. Umebaki wewe. Baba hajui habari ya lori, na sitaki alijue kwa kuliona getini.

Wasalimie sana wifi na watoto, waambie babu yao ana hadithi mpya na safari hii kila mjukuu ataisikia, wa kike kwa wa kiume. Barua hii inaondoka na basi la kesho Jumatatu, Jumanne utakuwa nayo. Sitaki maelezo kuhusu wazee wanaoishi peke yao, wala usimpe wifi aniandikie. Nijibu mwenyewe neno moja kabla ya Alhamisi saa sita mchana: umelizuia lile lori, ndiyo au hapana?

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Matangi