Nimshikie Hampus Msumari?

Gunvor mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa mchana Hampus, mwenzangu wa maabara, anaigongomea tasnifu yake ya udaktari ukutani kama desturi yetu ilivyo, na ameniomba mimi nimshikie msumari. Hampus ametengeneza fuwele za chuma na manganizi zilizounganishwa kwa sianidi, yaani kila sianidi ni daraja, upande huu imeshika chuma na upande ule manganizi, na katikati yamejibanza maji, na tasnifu nzima inasema mpangilio wa madaraja hayo ndio unaozifanya ziwe sumaku. Sasa juzi nasafisha kabati nikakuta fuwele zake zilizobaki, zingali ndani ya maji yake, za manjano, nikakumbuka kwamba unga alioupeleka kupimwa usumaku ulikuwa wa kahawia, kwa sababu aliukausha kwa pampu. Maji yalishatoka, Gunvor! Na yakitoka madaraja hujipanga upya, kwa hiyo mpangilio alioupima kwenye fuwele za manjano ni wa kitu kimoja na usumaku ni wa kitu kingine. Nilitaka kumwambia kwenye kahawa ya saa tisa, akaniwahi, "We Tuva, usiniletee sura ya matanga hapa, mama ameshakata tiketi ya treni kutoka Kiruna na keki ameshaagiza!" Wote wakacheka, nami nikacheka, nikala andazi langu la mdalasini. Nampenda kama kaka yangu. Nikisema nitamharibia, na nisiposema, siku ya kuitetea tasnifu mtahini ataumbua kila kitu mbele ya mama yake. Sina raha. Nifanyeje?

Tuva

Pole, Tuva, ila huruma yako ina kasoro. Mwenzako anaelekea shimoni, wewe unatafuna andazi, halafu unaniambia unampenda? Unachoogopa ni kununiwa, basi.

Mimi kemia ilinishinda shuleni, lakini hilo andazi nalijua. Ukilikausha kwenye oveni linakuwa kitu kingine, na kwenye kahawa ni tamu vilevile, ila huwezi kuliuza kwa jina la lile laini. Unga wa Hampus ni sumaku kweli, hakumdanganya mtu. Alikosea kudhani kwamba ni kitu kilekile.

Sasa sikiliza. Leo hii mwite maabara, mkiwa wawili tu. Usimhutubie. Mwekee mezani chupa mbili, ya manjano na ya kahawia, unyamaze mpaka aone mwenyewe. Atafoka, na mwache afoke, kazi ni yake na imemtoa jasho. Akishapoa, zifungeni zile za manjano kwenye kijibomba pamoja na maji yake mkazipime usumaku. Huenda zikakataa kabisa kuwa sumaku. Basi aandike hivyo, sura hiyo ya tasnifu aibadilishe, na kama msumari utangoja mwezi mzima, ungoje. Mama wa Kiruna atabadilisha tiketi. Watu wa kaskazini treni zimeshawafundisha kusubiri, na keki itaingia kwenye friza.

Akishaandika ukweli, kamshikie msumari kwa moyo mweupe, upige na vigelegele. Akikataa kuzitazama hizo chupa, amtafute mwingine wa kumshikia. Nyundo ni yake, Tuva, lakini vidole ni vyako.

Gunvor