Mume wa Vikao Sita

Tarehe 9 Septemba

Kwa Shangazi Msemakweli,

Mpendwa Shangazi, shikamoo, naomba msaada wako kabla ya Jumatano ijayo, na ukitaka kunigombeza nigombeze, ila usicheke mpaka nimalize.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kola kwenye kiwanda cha sare za shule, na mume wangu alifariki miezi saba iliyopita, alikuwa fundi saa, mtu mpole, kosa lake kubwa duniani lilikuwa kuacha kijiko ndani ya kopo la sukari, nilimsema miaka ishirini na sita na hakuacha. Tangu azikwe sipati usingizi, kazini nikashona kola mbili kwenye shati moja, msimamizi wangu akaliinua juu akauliza, "Mama, hili la mtoto mwenye vichwa viwili?" kisha akanivuta pembeni akaniambia niende kwa mtaalamu wa ushauri nasaha.

Nikaenda kuuliza bei, nikakuta kikao kimoja kinameza mshahara wangu wa wiki nzima. Nikapiga simu kampuni ya bima yetu ya kazini, akapokea binti mwenye haraka zake, akasema, "Mama, huzuni ya msiba hatulipii. Tunalipia ushauri wa wanandoa, vikao sita. Una mume?" Shangazi, fomu ya kuondoa jina la marehemu kwenye bima iko kwenye mtoto wa meza tangu mazishi, kila nikiitoa mkono unakataa, basi siku hiyo mdomo ukatangulia, nikasema, "Ninaye."

Ndipo nikamfuata shemeji yangu, mdogo wake marehemu, dereva wa lori la matofali, wamefanana kama shilingi kwa ya pili. Akasema, "Shemeji, kwa ajili ya kaka, nitaoga hata siku ya kazi." Tukaenda na kadi ya marehemu na hakuna aliyeitazama mara mbili.

Kikao cha kwanza mtaalamu, binti mwenye miwani, akaniuliza mume wangu ananiudhi kwa jambo gani. Nikasema anaacha kijiko kwenye sukari. Shemeji akainamisha kichwa, "Nisamehe mke wangu, nitaacha." Nililia mpaka karatasi zake za kufutia machozi zikaisha, kwa sababu siku hizi nafungua kopo asubuhi na kijiko hakimo, na usiku ule nikalala mpaka nikachelewa kazini.

Kikao cha pili shemeji akanogewa. Akaanza kulalamika yeye, "Mke wangu hanisikilizi, nikifungua mdomo anaongeza sauti ya redio." Mimi redio sina, nikajua anayesemwa ni mke wake wa kweli, lakini ningefanyaje, nikaomba radhi. Kikao cha tatu akaja na tai. Mtaalamu akatusifu kwamba hajapata kuona wanandoa wanaopiga hatua kama sisi, akasema, "Jumatano ijayo njooni na picha yenu ya harusi."

Picha ya harusi, Shangazi! Bwana harusi ni marehemu, na shemeji yuko nyuma yake ameshika mwavuli, anacheka. Shemeji anasema nichukue mkasi wa kazini nimkate yeye, abaki marehemu, eti hakuna atakayejua. Nilishika mkasi, nikaurudisha. Na mkewe ameanza kuuliza ni lori gani linaloendeshwa kwa tai.

Nikinyamaza nitafukuzwa kazi siku wakijua. Nikisema kweli nitapoteza saa moja tu ya wiki ambayo namtaja mume wangu na mtu ananijibu. Nifanye nini?

Ni mimi, Mama Kola. Barua zikiwa nyingi mezani pako gazetini, naomba unikumbuke.

*

Mama Kola,

Marahaba, na pole. Uliniomba nisicheke mpaka mwisho. Nilivumilia mpaka kwenye tai.

Sasa kaa vizuri. Ulichofanya kinaitwa udanganyifu, na kampuni ya bima haitakiita mapenzi. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye picha ya harusi. Mkasi huo ubaki kiwandani.

Usingoje Jumatano. Nenda kesho, peke yako, umwambie yule binti wa miwani: mume wangu amekufa. Ni maneno matatu. Kazi yake ni kusikia, hataanguka kitini. Mwombe asidai tena malipo kwa jina la marehemu. Kisha toa ile fomu. Mkono ukikataa, msimamizi wako akujazie, wewe utie sahihi tu. Ipeleke bima mwenyewe, useme fedha za vile vikao vitatu utazirudisha kidogo kidogo. Anayebisha hodi hapokelewi kama anayekutwa dirishani.

Na malipo? Kwanza, binti wa simu si kijitabu cha bima. Kisome chote, hasa yale maandishi madogo. Kukosa usingizi miezi saba kunamhusu daktari. Akikupima akakuta ni maradhi, aandike, huenda bima ikalipa kwa haki. Wakikataa, muulize mtaalamu bei ya mtu anayejilipia. Baadhi yao wanayo ya chini, ila hawaibandiki mlangoni. Omba kikao kimoja kwa mwezi. Ulizia pia hospitali kama wana kundi la wafiwa. Huko utaenda kama mjane, na ndivyo ulivyo.

Wewe shemeji mtu, najua unasoma. Umepata mke asiye na redio ukasahau barabara ya kwako! Vaa tai hiyo, mchukue mkeo, mkajieleze kwa majina yenu. Tena umwambie leo, kabla gazeti halijafika nyumbani.

Lakini Mama Kola, kuna jambo hukuliona. Mtu huyu alizika kaka yake. Kwa vikao vitatu amekuwa mumeo na mshirika wako wa uongo, na hujaandika popote kwamba ulimuuliza yeye analalaje. Mkaribishe chai pamoja na mkewe. Mtajeni marehemu kwa sauti, bila kadi, mpaka mchoke.

Chai ikishamiminwa, mmoja wenu aache kijiko ndani ya kopo, na asisemwe. Hapo nami mnikumbuke.

Shangazi Msemakweli